Gogo la mwembe nimeliangusha: nilipasueje nipate meza na mabenchi mawili?

MbaoMbichi

Wakuu, nina gogo la mwembe lililonyooka, kipenyo sm 45 upande mwembamba bila gome, urefu mita 2.6. Mti umeangushwa wiki mbili zilizopita, gogo limelala kivulini na nyufa ndogo zimeanza kuonekana kwenye ncha. Nataka meza ya sm 160 kwa 80 na mabenchi mawili ya sm 140. Vifaa nilivyonavyo ni msumeno wa mnyororo wa cc 70 na fremu yake ya kupasulia, randa ya mkono, randa ndogo ya umeme, patasi, msumeno wa mkono na klampu sita.

Maswali: niache gogo likauke kwanza au nipasue sasa? Unene gani? Miguu ya meza itoke wapi? Na nitajuaje mbao zimekauka bila kipima unyevu? Pia kuna tawi nene la sm 25, sijui kama lina kazi.

---

Mpasuaji

Ndugu, pasua sasa, wiki hii ukiweza. Gogo zima halikauki vizuri, linapasuka. Miti mingi migumu ikikauka kutoka ubichi hadi ukavu kabisa hunywea takriban asilimia 8 kwa kufuata mzunguko wa duara za ukuaji, lakini asilimia 4 hivi tu kutoka gome kuelekea katikati. Kwa urefu ni kama hakuna, asilimia 0.1 hadi 0.2. Mzunguko unataka kufupika kuliko unene wa ndani unavyoruhusu, kwa hiyo lazima ufa ufunguke mahali. Ukishapasua, kila ubao unanywea kivyake.

Mwembe una sababu nyingine ya haraka: kuvu. Rangi ya bluu-kijivu huingia kupitia ncha na popote gome lilipobanduka, na ikishaingia ndani hairandiki ikaisha. Leo hii kata vipande vya sm 5 kila ncha mpaka usione ufa, kisha paka ncha rangi nzito ya mafuta au nta iliyoyeyushwa, mikono miwili (yaani mara mbili). Ncha hupoteza maji haraka mara nyingi kuliko uso wa ubao, ndiyo maana nyufa huanzia pale.

Kabla ya kuwasha msumeno, kagua gogo kwa ajili ya misumari na waya, hasa kama mti ulikuwa karibu na nyumba au ua. Doa jeusi-bluu kwenye ncha mara nyingi ni chuma kilichomezwa na mti.

Sasa mpango wa kupasua. Tafuta moyo wa gogo, ile nukta mti ulikoanzia, kwenye ncha zote mbili. Pandisha upande mwembamba kwa kabari hadi moyo uwe kimo kimoja huku na huku, kisha pima kila kitu kutoka kwenye moyo, usipime kutoka gome. Chora hivi kwenye ncha:

Katikati acha ubao mnene wa mm 80 wenye moyo ndani yake. Juu yake mbao tatu za mm 34, chini yake tatu za mm 34. Msumeno wa mnyororo unakula mm 8 hadi 10 kila mkato, kwa hiyo hesabu mm 43 kwa kila ubao. Magamba ya juu na ya chini, yale makombo ya nje yenye gome, yatabaki na unene wa sm 5 hivi. Kwa kipenyo cha sm 45, mbao hizo baada ya kunyoosha kingo zitakuwa na upana wa takriban sm 40, 36 na 28, mbili za kila aina. Zinatosha meza yako na mabenchi yote mawili, na utabaki na akiba ya kufidia ubao mmoja utakaoharibika.

Miguu inatoka kwenye ule ubao mnene wa katikati. Upasue kwa urefu pande zote mbili za moyo, utupe ukanda wa sm 5 hadi 6 wenye moyo. Unabaki na vipande viwili vya karibu sm 18, na kila kimoja kinatoa fito mbili za mm 80 kwa 80. Duara zake zimesimama vizuri na mguu hautajisokota sana. Ukiuacha moyo ndani ya mguu, mguu utapasuka, upake ncha usipake.

Kuhusu msumeno: mnyororo wa kawaida wa kukata magogo umenolewa kwa pembe ya nyuzi 30. Kwa kupasua kwa urefu unolewe upya kwa nyuzi 10. Unakwenda polepole kidogo lakini uso unatoka laini zaidi. Piga tupa kila baada ya mkato mmoja au miwili. Vumbi likitoka laini kama unga badala ya chembe, mnyororo umeshabutuka na mashine inateseka bure.

Mkato wa kwanza ndio unaoamua mingine yote. Funga ngazi ya alumini au mbao mbili zilizonyooka juu ya gogo, na hakikisha skrubu za kushikilia haziingii ndani kufikia njia ya mnyororo. Msumeno ukishaingia sm 40 hivi, chomeka kabari ndogo nyuma yake, na uendelee kuchomeka kila nusu mita. Bila kabari ubao unakaa juu ya bamba la msumeno na kulibana.

Vaa kinga ya masikio, miwani na barakoa ya vumbi. Utomvu na vumbi la mwembe huwasha ngozi za watu wengi, kwani ni ukoo mmoja na mkorosho.

Tawi liache. Mti unaokua kwa kuegemea hujenga nyuzi zenye mvutano upande wa juu, nazo zikipasuliwa hujikunja palepale kwenye msumeno. Litafaa mipini na vitu vifupi, si mbao.

---

RandaKali

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu moyo na miguu. Mm 34 ndiyo sikubaliani nayo kwa mbao za sm 40. Ubao mpana uliopasuliwa karibu na katikati unabinuka: kingo zinanyanyuka kuelekea upande wa gome, na ukija kuuranda ubaki bapa unaweza kupoteza mm 8 au zaidi. Kutoka mm 34 mbichi unabaki na 32 ukikauka, ukitoa 8 una uso wa meza wa mm 24, na upana ni uleule. Chagua moja: ama pasua mbao hizo mbili za sm 40 kwa mm 40, ama zikubalie mm 34 ukijua kwamba zikikauka utazichana vipande vya sm 13 hadi 20 kabla ya kuziranda. Ubinuko wa kipande cha sm 14 ni mdogo sana kuliko wa ubao mzima. Binafsi ningechana. Uso wa meza wa vipande vilivyopangwa vizuri unatulia kuliko slabu mbili pana.

Ila usizichane zikiwa mbichi. Ukingo ulionyooka leo utapinda mbao zikikauka, na utalazimika kuunyoosha tena.

Kuhusu kukausha. Siku ya kupasua ndiyo siku ya kupanga. Mwembe ukilala ubao juu ya ubao usiku mmoja tu wakati wa joto na unyevu, asubuhi utakuta madoa.

Weka misingi ya tofali au magogo, sm 40 juu ya ardhi, na uchungulie kutoka pembeni kuona kama migongo yake iko kwenye usawa mmoja. Msingi mmoja ukiwa chini kidogo, mbao zote zitakauka na kilema hicho. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya mm 25 kwa 25, vyote vya unene uleule, umbali wa sm 40. Kwa ubao wa mita 2.4 ni vijiti saba kwa safu. Cha kwanza na cha mwisho vikae mwishoni kabisa mwa ubao, na kila kijiti kisimame juu ya mwenzake hadi chini kwenye msingi. Kijiti kikienda kando sm 10, uzito wa juu unakuwa unaukunja ubao badala ya kuunyoosha. Vijiti vibichi huacha alama ya mstari ambayo haitoki.

Mbao nzuri ziwe chini, mbaya juu. Juu kabisa bati lenye mteremko, linalozidi rundo kwa sm 30 kila upande, na juu ya bati mawe, hata kilo 200. Pembeni pawe wazi upepo upite, lakini jua la moja kwa moja lisifike. Wiki tatu za kwanza, kama upepo ni mkavu na mkali, ning'iniza magunia upande unakotoka. Uso ukikauka haraka kuliko ndani, nyufa nyembamba zinatokea juu, na baadaye zinajifunga ukadhani zimepona. Ukiranda utazikuta.

Kipima unyevu si lazima, mizani inatosha. Chukua ubao mmoja wa mm 34, kata sm 20 kutoka ncha uzitupe, kisha kata kipande cha mm 25 na ukipime hapohapo. Kiweke kwenye oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena. Unyevu ni uzito wa maji yaliyotoka kugawanya kwa uzito mkavu. Mfano: gramu 186 mbichi, 120 kavu, maji ni 66, kwa hiyo unyevu ni asilimia 55.

Ubao uliobaki ukate wa sm 80 hivi, paka ncha zote mbili, upime na uandike. Tuseme una kilo 4.20. Gawanya kwa 1.55 (yaani 1 na ile 0.55 ya unyevu), uzito wake mkavu ni kilo 2.71. Ukitaka asilimia 12, zidisha kwa 1.12: kilo 3.03. Uweke katikati ya rundo mahali unapotoka kirahisi na uupime kila wiki.

Ujue pia pa kusimama. Kwa joto la kawaida la chumba, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 itaishikilia mbao kwenye 16 hivi, hewa ya 65 kwenye 12, ya 50 kwenye 9. Rundo la nje halitashuka chini ya kile hewa ya nje inachoruhusu, hata ukiliacha miaka. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki tatu mfululizo, ingiza mbao kwenye chumba kinachofanana na kile meza itakakokaa, zikiwa bado na vijiti, na uendelee kupima. Ile kanuni ya mwaka mmoja kwa kila mm 25 ni makadirio tu. Fito za mm 80 zitachelewa sana, kwani unene ukiongezeka maradufu muda huongezeka zaidi ya maradufu.

---

MbaoMbichi

Shukrani sana wakuu. Nimeshakata ncha na kuzipaka. Mawili yamebaki. Bungua: nimesikia mwembe unaliwa hata ukishakuwa samani, dawa ipi na ipakwe lini? La pili, kama miguu ya mm 80 itachelewa, nisubiri au kuna njia nyingine?

---

GundiNgumu

Bungua kwanza, maana hapa wengi wanapaka dawa wakati usiofaa. Mdudu anafuata wanga uliomo kwenye mti mweupe, ile sehemu ya nje karibu na gome, anataga kwenye vitundu vya mbao, na unga unaouona ukidondoka ni mdudu aliyekomaa akitoka, baada ya kula ndani kwa miezi akiwa buu. Gogo la mwembe lichukulie lote ni chakula chake, usitegemee kiini, ile sehemu ya ndani.

Dawa inayofaa fundi wa nyumbani ni ya boroni: gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki kwenye lita 9 za maji ya moto, koroga hadi iyeyuke. Ukichanganya hizi mbili zinayeyuka vizuri kuliko kila moja peke yake. Vaa glavu, na weka mbali na watoto na vyombo vya chakula. Boroni inasafiri ndani ya maji yaliyomo kwenye mbao, kwa hiyo mbao mbichi ndiyo inayoinywa. Ukipaka mbao kavu, dawa inabaki juu juu.

Kwa kawaida mbao zilizopakwa hufunikwa nailoni zikiwa zimebanana kwa wiki tatu au nne ili dawa izame. Kwenye mwembe hilo linagongana na suala la kuvu, kwa sababu boroni haizuii vizuri ukungu wa juu. Uamuzi ni wako: ukivumilia madoa, funika na upate kinga ya ndani. Ukitaka mbao nyeupe safi, paka mikono miwili siku ya kupasua, panga na vijiti mara moja, kisha ukimaliza kuranda paka tena mkono mmoja, acha ikauke, ndipo upake mafuta au vanishi. Randa inaondoa ile tabaka ya mwanzo, na wengi husahau hilo. Boroni huoshwa na mvua, kwa hiyo bati la juu ya rundo lisivuje. Mwenye tanuri la kukaushia ana njia nyingine: joto likifika nyuzi 56 katikati kabisa ya mbao kwa dakika 30, ndicho kipimo cha kimataifa cha kuua wadudu kwenye mbao za kufungashia mizigo. Lakini joto halilindi mbao isishambuliwe tena kesho.

Miguu: usisubiri fito za mm 80 kama mbao za mm 34 zimeshakauka. Gundisha mbili mbili, randa kila moja ibaki mm 29, upate mguu wa mm 58. Kwa meza ya sm 160 unatosha. Zile fito nene ziache zikauke kwa ajili ya kazi nyingine, au zitumie kwenye mabenchi kwa njia hii: miguu ya benchi ichongwe ikiwa na unyevu wa asilimia 15 hadi 20, na viungio vya kati, vile vijiti vya kukaza miguu, vikaushwe kabisa kwenye boksi lenye joto hadi uzito usibadilike. Ulimi mkavu, yaani ncha ya kijiti iliyochongwa, ukiingia kwenye tundu la mguu wenye unyevu, mguu unanywea na kuubana, nao ulimi ukivuta unyevu wa hewa unavimba kidogo. Kiungo kinajikaza chenyewe. Ukigeuza, ulimi mbichi kwenye mguu mkavu, utalegea ndani ya msimu mmoja.

Sasa kuunda. Chana mbao, kata kila kipande kiwe kirefu kwa sm 3 na kipana kwa sm 1 kuliko kipimo cha mwisho. Randa hadi mm 30, ukitoa kiasi sawa pande zote mbili, kisha zipange tena na vijiti ndani ya nyumba kwa wiki nzima. Ukitoa tabaka la juu, mvutano uliokuwa ndani unaachiliwa na ubao unasogea tena. Baada ya hapo ndipo umalizie hadi mm 27. Msokoto upime kwa fito mbili zilizonyooka, moja kila ncha ya ubao, uchungulie migongo yake kama inalingana.

Nyuzi za mwembe hupishana, tabaka moja linaelekea huku na jingine kule, kwa hiyo randa itang'oa vipande hata ukigeuza ubao. Noa bamba la randa, toa maranda membamba kiasi cha kuona mwanga kupitia, na kile chuma cha juu kikae nusu milimita au chini ya hapo kutoka kwenye makali. Panapong'oka bado, malizia kwa kipande bapa cha chuma cha kukwangulia, kisha msasa.

Kwa klampu sita, gundisha uso wa meza kwa nusu mbili za sm 40, kesho yake unganisha nusu hizo kwa mshono mmoja. Tatu juu, tatu chini, kwa kupokezana, kila sm 30. Gundi nyeupe ya mbao ichuruzike vishanga vidogo mfululizo kwenye mshono. Isipotokea kitu, umepaka kidogo.

Kosa linalovunja meza nyingi ni kufunga uso kwa skrubu moja kwa moja kwenye fremu ya meza. Piga hesabu: mbao ikibadilika unyevu kwa asilimia 5 kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi, kwa mbao zenye duara zilizolala uso unasogea karibu asilimia 0.25 kwa kila asilimia moja. Kwa sm 80 hiyo ni mm 10. Skrubu haitazuia mm 10, uso utapasuka. Chonga vibao vidogo vya sm 4 kwa 3, kila kimoja na ulimi wa mm 10 unaoingia kwenye mfereji uliokatwa ndani ya mbao za fremu, na skrubu ipite kwenye kibao kwenda uso wa meza. Kwenye mbao ndefu za fremu acha mm 5 au 6 kati ya kibao na fremu. Kwenye zile fupi vibao vitateleza ndani ya mfereji vyenyewe. Vinane vinatosha. Mabenchi ya upana wa sm 30 nayo yafungwe hivyohivyo, mm 3 zinatosha.

Fremu: mbao za sm 10 kwa mm 27, ulimi wa mm 9 unene, yaani theluthi moja. Kwa mguu wa mm 58 ulimi mmoja hauwezi kuzidi mm 35 kabla ya kugongana na mwenzake wa pembeni, kwa hiyo kata ncha zake kwa nyuzi 45 zikutane ndani bila kugusana. Tundu lianze mm 20 chini ya kichwa cha mguu, na mguu uache mrefu kwa sm 2 mpaka umalize kuchonga. Kichwa kifupi hupasuka patasi ikiingia.

Vanishi au mafuta, paka juu na chini ya uso wa meza idadi ileile ya mikono. Upande usiopakwa unavuta unyevu haraka, na meza inabinuka hata kama mbao ilikaushwa sawasawa. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vyake usivikunje wala kuvirundika: yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi viwe vigumu, au vilowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kuvitupa.

---

Mpasuaji

Nyongeza moja kwa RandaKali: kweli, mbao mbili za karibu na katikati zipasuliwe mm 40. MbaoMbichi, chora upya kwenye ncha: mm 80 katikati, kisha 40, 34, 34 kila upande. Magamba yatapungua kwa mm 6, bado yanafaa kwa vijiti vya kupangia baada ya kukauka. Na kila ubao uandike namba kwa kalamu ya nta ukitoka kwenye msumeno, pamoja na upande wa gome. Utakapochagua vipande vya uso wa meza baada ya miezi, utataka vinavyofuatana kwenye gogo vikae jirani, rangi na nyuzi zilingane.